Mpango wa Injini ya Binti

Mzee Nati alikuwa ameunda injini za mbio kwa miaka ishirini na sita, lakini mpango wa injini ya bintiye ulimtoa jasho wiki nzima. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la milango mitatu, na binti alitaka kuliendesha kwenye mashindano ya kupanda mlima. Alikuwa ameshajiandikisha bila kumwuliza mtu.

Jumamosi asubuhi mzee alimwekea karatasi ya mpango juu ya meza ya gereji, kisha akajifanya anafuta mikono kwa tambara.

Alijiona mjanja. Pistoni alizibakiza zilezile za kiwandani, kamshafti ileile, na chini ya silinda hedi alipanga gasketi nene ya kupunguza mgandamizo, injini ikose nguvu. Taabo, ile ya kuisukumia injini hewa iongeze kasi, hakuitaja kabisa. Alichoongeza ni ekzosi pana, gari lipige kelele za kutosha, dereva aridhike kwamba anakwenda. Alichosahau ni kwamba binti yake ni mkereza vyuma, na kutwa kucha kazi yake ni kusoma vipimo vya mafundi wanaojitia ujanja.

Binti alisoma mara moja tu.

“Baba, hii injini ya kumpeleka bibi kliniki.”

“Bibi yako naye ana haki ya kufika.”

“Usinichekeshe. Taabo iko wapi?”

“Gari dogo hilo, mwanangu. Halitaki makuu.”

“La Kimbunga ni dogo hivihivi, na mwezi uliopita ulimfungia taabo, pistoni ngumu, kamshafti kali, vyote. Vipuri nilikukerezea mimi. Ulikuwa unapiga mluzi!”

Kweli alikuwa anapiga mluzi. Kimbunga, mpiga picha wa harusi, alikuwa mteja wa kupendeza, hana maswali.

“Kimbunga si mwanangu,” mzee alisema, na papo hapo akatamani kuyameza maneno yake.

“Ana baba yake. Alikuja naye hapa, akakuuliza kama gari litakuwa salama. Ukamwambia aondoe wasiwasi.”

Mzee Nati aliketi juu ya tairi. Kwa ajili ya bintiye alikuwa amekosa usingizi wiki nzima. Kwa ajili ya Kimbunga hakuwa ameogopa hata kwa muda wa kukaza bolti moja. Alimkumbuka yule baba alivyoshusha pumzi, alivyomshika mkono kwa mikono yake miwili, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

“Naogopa, mwanangu.”

“Najua. Si ungesema tu?”

Mzee aligeuza karatasi, akachukua penseli. Juu kabisa, kabla ya pistoni, aliandika breki: diski kubwa, mbele na nyuma. Chini yake mkanda wa dereva, na fremu ya chuma ya kumkinga gari likipinduka. Ndipo akashuka kwenye injini, binti akichungulia begani kwake na kusahihisha. Kwenye taabo walibishana sana, na mzee akashindwa.

Alipoweka penseli chini, alitoa simu mfukoni.

“Kimbunga, uko wapi? Basi, gari liegeshe hapohapo, usiliendeshe tena. Nakuja na gari la kulivuta. Hapana, halijaharibika. Kuna mambo sikukufanyia.” Alisikiliza kidogo, macho yake yakiwa kwenye karatasi. “Baba yako yupo karibu? Mpe simu, niongee naye.”