Baada ya Kula

Mzee Hamadi alikitazama kile kitu kikitikisika sahanini, mate ya kichefuchefu yakamjaa kinywani. Kilikuwa cha manjano, laini, kinang'aa juu, na kila binti yake alipogusa meza kilicheza kama kamasi. Aliambiwa ni mayai. Mayai gani hayo, hayakukaangwa wala hayakuchemshwa na maganda yake?

"Njo chakula ya Wachina, Baba," alisema Faridah. "Nilikuwa nawapikia kule machimboni Salamabila kila asubuhi. Unapiga mayai, unatia maji ya vuguvugu na chumvi kidogo, unafunika sahani ndani ya sufuria, mvuke inaivisha. Haina sukari, haina unga. Kula na hii mboga ya lengalenga."

Hamadi alikuwa fundi cherehani sokoni Kasongo, na tangu azaliwe hajapata kumaliza siku bila tonge la bukari, ugali wa muhogo, mkononi. Lakini sukari ilikuwa imempanda, na kidonda cha kidole kwenye mguu wake wa kulia, mguu wa kukanyagia cherehani, kilikuwa na mwezi wa pili hakikauki. Muuguzi Zéphirin alimpa wiki mbili za kujichunga na tembe za kumeza kila siku. Faridah akaja kutoka machimboni kumhudumia, akaficha unga wote.

Basi akawa anakila kile kitu. Alifumba macho, akabana pumzi, akauteremsha utelezi ule kooni. Siku ya tatu alikimbilia uani kutapika. Siku ya nane harufu ya yai ilikuwa imemwingia hadi ndevuni, akawachukia hata kuku wa jirani. Alivumilia, maana fundi asiye na mguu atakanyagia nini?

Wiki mbili zikaisha. Zéphirin alimchoma kidole cha mkono, akasoma kipimo, akakisoma tena.

"Mzee, sukari haikushuka. Imepanda."

Hamadi alimgeukia binti yake, hasira ikimjia pamoja na ladha ile ya mayai. "Si nilisema? Umenilisha uchafu wa Wachina bure."

Zéphirin akaomba kuona dawa. Hamadi akatoa pakiti kwenye mfuko wa kanzu. Tembe zote zilikuwamo.

"Mbona hukumeza?"

"Uliandika nimeze nikisha kula." Hamadi alishangaa kuulizwa. "Sasa miye nimekula siku gani? Huyu mutoto hakunipa bukari hata siku moja."

Faridah alijifunika mdomo kwa kitenge. Zéphirin hakucheka. Alikuwa mzaliwa wa Kasongo, na yeye mwenyewe akishinda kwa ndizi na karanga hurudi nyumbani akilalamika kwamba hajala. Aliinama, akafungua bandeji. Uvundo ukapanda, na safari hii ulikuwa wa Hamadi mwenyewe. Kidole kilikuwa cheusi chote.

"Muguu tunaweza kuiokoa," alisema. "Kidole hapana. Kesho tutakikata."

Mchana ule Faridah aliweka sahani mezani. Kile kitu kikatikisika. Hamadi alikila chote kwa kijiko, akapangusa ndevu. Binti yake alikuwa amesimama na kikombe cha maji na tembe moja kiganjani, akingoja. Kwa baba yake, neno lenyewe lilikuwa gumu kulitoa kuliko mayai kuyameza.

"Nimekula," alisema mwishowe, akanyoosha mkono.