Sekunde Nne Baada ya Wimbo wa Nne

Jana niliota, tena mchana kweupe, nimelala kwenye kochi baada ya kula makande kupita kiasi. Siongezi chumvi. Mimi ni fundi redio hapa Lushoto, na fundi redio akianza kuongeza chumvi wateja huhamia kwa mwingine.

Redio kaseti ilikuwa inacheza kanda ile ile ninayoicheza kila Jumapili: Mmarekani mmoja na gitaa moja. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna waitikiaji. Anagusa uzi, anaacha, unasikia kiti kinalia, ndipo anagusa mwingine. Nyimbo kumi, na katika kila wimbo kuna mtu anaondoka. Mke wangu Hilda husema huo ni muziki wa mtu aliyeibiwa bendi.

Hilda hajui chini ya muziki huo kuna nini. Mwaka 1996 mama yangu, ambaye hakujua kuandika, alisema barua kwenye kanda hiyo, ya kwenda kwa kaka yangu Zefania huko Marekani. Zefania hakuja kumzika baba, na mama alikaa miaka miwili bila kulitaja jina lake. Siku hiyo akaniambia nimtegeshee mashine, kisha nitoke nje. Kwa hiyo sijui alisema nini. Sijui kama alimpa radhi mwanawe au alimnyima. Alipomaliza nilikivunja kile kijino cha nyuma ya kanda, kama mafundi tufanyavyo, ili mtu asije akarekodi juu yake.

Kesho yake, Jumapili, Mmarekani mwingine, wa mradi wa maji, aliniazima santuri ya huyo mpiga gitaa. Alikuwa anaondoka alfajiri ya Jumatatu. Mashine ya santuri nilikuwa nayo, ya mteja, lakini kanda tupu sikuwa nayo na maduka yalikuwa yamefungwa. Nikachana kipande cha bahasha yenye anwani ya Zefania, nikaziba pengo la kile kijino kwenye kanda ya mama, nikabonyeza kurekodi. Nilijiambia mama atasema tena. Aliponiuliza kama nimeshaiposti, nikasema nimeshaiposti. Nilipomshawishi aseme barua nyingine, akanijibu kwamba yeye kasema yake, sasa ni zamu ya Zefania. Aliingoja zamu hiyo miaka mitatu, akafa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka ishirini na nane na bado naenda.

Wiki iliyopita Zefania alipiga simu. Anakuja Jumamosi. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mama aliwahi kumtaja kabla hajafa. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Basi, ndoto.

Kimlango cha kaseti kilifunguka chenyewe, nami nikaingia kwa kuwa kilikuwa wazi. Ndani ni banda la ng'ombe lisilo na ng'ombe. Kuna kiti kimoja, na juu ya kiti Mmarekani mwembamba anapiga gitaa. Kipaza sauti kinaning'inia kutoka darini, na ndicho kinacholinda mlango.

Kikaniuliza nimekuja na nini. Nikataja sweta, saa na viatu. Kikasema ni vingi mno. Humu vitu ni vichache, ndivyo albamu ilivyo, na anayeingia huacha kila ambacho wimbo unaweza kwenda bila yake. Nikaacha sweta. Nikaacha saa na kiatu kimoja. Kikanikagua tena, kikataka kujua mikono miwili ni ya nini na mimi sipigi gitaa. Nikautoa wa kushoto, kikautundika msumarini. Wa kulia niliukatalia, kwa sababu ndio uliobonyeza.

"Namtafuta mama yangu," nikasema.

Gitaa ndilo lililojibu. Lilikuwa na sauti ya karani aliyecheleweshwa chakula. "Yuko chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya huyu. Anayerekodiwa baadaye hukaa juu ya aliyetangulia. Ndiyo sheria."

Nikainama kutazama. Kweli, miguu ya kiti haikugusa sakafu, ilikuwa imekanyaga pindo la khanga, na khanga niliijua. Nikamwomba Mmarekani kwa adabu zote anyanyuke kidogo. Akanijibu kwa Kisambaa safi kwamba angependa sana, ila katika wimbo huu kuna mtu yuko ndani ya behewa, na yeye akinyanyuka mtu huyo atateremka porini pasipo na kituo. Akaongeza kwamba miaka ishirini na nane ya kukaa hapo si mchezo, hata yeye kiuno kinamsumbua.

Nikakisukuma kiti kwa ule mkono wangu mmoja, na banda likawa posta.

Dirishani limekaa gitaa lile lile, sasa limevaa miwani. Linaiweka kanda yangu kwenye mizani, linatazama fomu. "Humu yumo mmoja," linasema. "Fomu inasema wawili." Linaniamuru nikasimame nyuma ya wenzangu.

Foleni ilitoka nje ya posta, ikapinda kona, ikapanda mlima. Nilipoufikia mwisho wake nilimkuta mfupi mmoja mpole aliyefunga kitambaa kichwani, nikamuuliza kama hii ndiyo foleni ya vifurushi. Akanieleza bila haraka kwamba wao si watu, wao ni salamu. Mama alizitamka zote siku ile mwanzoni mwa barua, na tangu siku ile zimesimama hapo zikingoja kupelekwa.

Zikajitambulisha moja moja. Kulikuwa na salamu ya shangazi Eliwaza, salamu ya mchungaji, salamu ya mwalimu aliyemfundisha Zefania hesabu. Kulikuwa na salamu ya ng'ombe wetu Kidoti, nayo ilikuwa inacheua. Ile fupi ilikuwa ya jirani yetu, Mama Shekivuli.

"Aliyenituma alishakufa," ikaniambia. "Nikifika nitasema natoka kwa nani?"

Nikakitazama kiatu changu kimoja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho, na nikiwa macho ninayo ya kutosha.

Nikaziuliza mama alisema nini baada ya kuzitamka. Zikatazamana. Salamu ya mchungaji ikanieleza kwamba salamu hazikai kusikiliza, zikishatamkwa hutoka nje, kama nilivyotoka mimi. Lakini ikaninong'oneza kwamba upo upenyo. Wimbo wa nne ukiisha, yule mzungu hunyanyuka kwenda kunywa maji. Hukawia sekunde nne.

Nakimbia. Kiatu kimoja hakikimbii vizuri. Posta inarudi kuwa banda, wimbo wa nne unaishia, uzi wa mwisho unatulia. Mmarekani ananyanyuka, anauendea mtungi. Chini ya kiti pana mlango mwembamba, na ndani ya mlango yumo mama, amekaa kigodani na sweta lake la kijani, mashine magotini. Hajazeeka hata kidogo. Sasa tunalingana umri.

"Mama, sema neno lenyewe," namwambia. "Umempa radhi Zefania au hukumpa?"

Mama anakohoa, anaiweka sawa khanga, anaiinamia mashine. "Mwanangu mpendwa Zefania, habari za siku nyingi. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali..."

Mmarekani ameshakaa. Wimbo wa tano.

Nikachomoa biki mfukoni, nikaitia kwenye tundu la kanda, nikairudisha nyuma kwa kuizungusha, na mimi nikiwa ndani yake. Mara hii namsihi aziruke salamu. Ananitazama kama nimemwambia aingie kanisani bila nguo. Ananifundisha, kama alivyonifundisha utotoni, kwamba barua haianzi katikati, na kwamba anayetanguliza shida yake kabla ya kumjulia mtu hali hakulelewa. Wimbo wa tano.

Nazungusha biki. Kwa kunihurumia anaongeza mwendo, anafika kwa shangazi Eliwaza. Wimbo wa tano. Nazungusha. Anamfikia mchungaji. Wimbo wa tano. Nazungusha. Anafika kwa Kidoti, tena anaanza kueleza kwamba amezaa, ndama ni jike. Wimbo wa tano. Sasa nalia, kamasi zinanitoka na mkono wa kujipangusa nimeuacha msumarini. Utepe umekwisha kwa kuvutwa, unaona mwanga upande wa pili. Kipaza sauti kinanionya kwamba imebaki mara moja tu, ikizidi hapo utakatika.

Nazungusha taratibu. Mmarekani anauendea mtungi, mlango unafunguka. Mama haanzi salamu. Anaiweka mashine chini, ananitazama mimi.

"Tito, hukuiposti?"

Ningeweza kumwomba neno moja tu la kumpelekea Zefania, sekunde zilikuwepo. Ningeweza pia kusema nimeshaiposti, ulimi wangu umelizoea jibu hilo.

"Bado," nikasema.

Sikuwahi kuona uso wake ulilipokeaje. Kiti kilirudi mahali pake.

Niliamka shavu limegandamana na kochi. Ilikuwa saa kumi kasoro, na Hilda alikuwa uani anaanua nguo. Kanda ilikuwa imefika mwisho, kitufe kimejiachia. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, nikaupigapiga mpaka ukarudi. Nikajisemea ni makande.

Hata hivyo niliirudisha kanda hadi mwishoni mwa wimbo wa nne. Uzi ukatulia, kiti kikalia. Kimya kile nimekihesabu miaka ishirini na nane nikimsikilizia mama, nakijua kuliko Sala ya Bwana. Moja. Mbili. Tatu.

"Bado."

Kisha wimbo wa tano.

Nikaichomoa kanda nikaigeuza. Pengo la kijino lilikuwa wazi. Kile kipande cha bahasha nilikitoa siku tuliyomzika mama, na bila kuzibwa hapo hakuna mashine duniani inayorekodi. Hilo nalijua, ndiyo kazi yangu.

Nikamwita Hilda. Akaja na beseni la nguo kiunoni, nikamchezea pale bila kumweleza kitu. Akasikiliza, akaniambia nirudie, akasikiliza tena.

"Si sauti yako hiyo?" akasema. "Unamjibu nani?"

Alipotoka nilirudisha tena, nikalaza sikio kwenye spika kabla ya lile neno, pale mtu anapouliza. Nilifungulia sauti mpaka mwisho. Hapakuwa na mtu. Jumamosi Zefania atakaa kwenye kochi hili na kuniuliza alichoniuliza, na kwenye kanda ya mama nitakuwa na neno moja la kumchezea, nalo ni langu.