Wavu wa Vadim

Siku ya thelathini na tisa tangu Arkadi afariki, Zoya Pavlovna aliamka saa kumi na moja alfajiri akavaa buti za marehemu mumewe. Zilikuwa buti ndefu za mpira, za kufika kiunoni, na miguu yake ilicheza ndani kama mchi kwenye kinu. Akajaza soksi za sufi mbele, kwenye vidole. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akapumzika, kwa sababu kuvaa buti peke yake kulikuwa kumemmaliza.

Alikuwa amechoka tangu Desemba. Miezi saba ya kumgeuza mgonjwa, kumsafisha, kumlisha uji kwa kijiko cha chai, kisha mazishi, kisha watu. Uchovu ulikuwa umemkaa mwilini kama unyevu unavyokaa kwenye kuta za nyumba isiyowashwa moto. Alilala akaamka nao.

Jikoni alimkuta Inga, binti yake, ameshaanza kumenya viazi vya kesho.

"Mama, rudi ulale. Mayai ya samaki nimenunua dukani, makopo mawili."

"Baba yako hakuwahi kula mayai ya kopo."

"Baba hatakula kesho, mama."

"Najua," alisema Zoya. "Tutakula sisi."

Akachukua fimbo ya kuvulia iliyokuwa kwenye pembe. Halafu akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akaangua wavu uliokuwa unaning'inia msumarini. Inga aliutazama ule wavu, akaacha kumenya.

"Kumbe ndiyo maana," alisema. "Vadim hatakuja, mama. Hata kaburini alisimama nje ya uzio, akaondoka kabla watu hawajatupa udongo."

"Nilimwona."

"Basi?"

"Basi naenda kuvua," alisema Zoya, akafunga mlango.

Ulikuwa mwaka wa samaki. Kule Sakhalin, kisiwa cha mashariki ya mbali ya Urusi, samaki aitwaye gorbusha huingia mitoni mwaka mmoja kwa wingi wa kuziba maji, na mwaka unaofuata ni wa kutafutana kwa tochi. Huja Agosti wakitoka baharini, wang'aavu kama sarafu mpya. Wakishaonja maji ya mto, madume huota kibyongo na taya hupinda, na nyama yao huanza kukauka. Majike hubaki na umbo lao, tumbo limejaa mayai. Hayo mayai ndiyo kila mtu huyatafuta. Arkadi aliyatia katika maji ya chumvi yaliyokolea hata kiazi kielee, akahesabu dakika tano kwa saa ya mkononi, na hakuruhusu mtu amsemeshe mpaka ziishe.

Na kwenye kona yao ya mto palikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, mtu hamtoi majini samaki wake mwenyewe. Ukinasa, jirani yako wa upande wa chini wa mkondo ndiye anayeingia majini na wavu. Miaka thelathini Arkadi alisimama juu, Vadim Rogov akasimama chini yake, na wavu mmoja, wa Vadim, ulitoa samaki wa wote wawili. Mpini wake ulikuwa umekuwa mweusi kwa jasho la mikono yao.

Desturi ya pili walikuwa wanaisema hivi: aliyeuma ni wako, aliyechomwa ni wa mto. Samaki wakisongamana, ndoana humkwama mmoja tumboni au mgongoni bila yeye kufungua kinywa. Huyo hurudishwa.

Miaka miwili iliyopita, mwaka wa samaki kama huu, Vadim alimtoa jike aliyechomwa tumboni, akampiga kigongo, akamtia kwenye mfuko. Huenda hakuona. Huenda aliona, akawa amechoka. Arkadi aliona. Alikwenda akamtoa yule samaki mfukoni, akamnyanyua juu mbele ya watu ishirini, akasema, "Tazameni mwizi wetu," kisha akamtupa mtoni. Samaki alikuwa ameshakufa. Akaelea tumbo juu, akapita polepole mbele ya kila mtu mpaka pale mto unapopinda. Vadim alikusanya vitu vyake akaondoka. Wavu aliuacha kwenye kokoto, na Arkadi ndiye aliyeuchukua.

Zoya alijua kwamba mumewe alijuta kabla hajavua buti siku ile. Alijua kwa jinsi alivyoutundika ule wavu nyuma ya mlango, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Lakini kwenda kugonga mlango wa Vadim, nyumba ya tatu kutoka kwao, hakwenda. Alipokuwa kitandani, kila aliyekuja kumwona alimuuliza, "Nani yuko kwenye kona?" Wakamtajia majina. Walipolitaja lile moja, alifumba macho, asiulize tena. Basi mpaka leo Zoya hakujua kama mumewe alikufa na ugomvi au bila ugomvi, na kesho ilikuwa arobaini, siku ambayo, kwa wazee wao, marehemu huaga nyumba. Kitu kimoja tu alikitaka: Vadim akae mezani kabla mwenzake hajaaga. Mengine yote alikuwa tayari kuyaacha.

Alifika pamepambazuka. Ukungu ulikuwa chini juu ya maji, na harufu ya samaki waliooza kwenye kokoto ilikuwa ileile ya kila Agosti. Watu walikuwa wamesimama safu, buti zimezama, bega kwa bega, isipokuwa mahali pamoja. Kando ya kisiki kulikuwa na pengo la upana wa mtu, kama jino lililong'oka. Hakuna aliyelijaza. Chini ya pengo alikuwa Vadim, mrefu, amezidi kukonda, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Juu ya pengo alikuwa Pak, fundi wa boila la shule, Mkorea wa palepale mjini ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko fimbo yake.

"Jamani, Arkadi amerudi," alisema Pak. "Buti zake, koti lake. Ila kafupika."

"Maji yamemrudisha," alisema Zoya.

"Karibu, Zoya Pavlovna. Rusha upande wa jiwe lile. Usinitie ndoana ya sikio tu, ninalo moja linalosikia."

Zoya aliingia majini kwenye pengo. Vadim hakugeuka. Zoya alirusha chambo chake, kijiko cha bati chenye ndoana, kikaanguka karibu mno, akarusha tena. Mikono ilikuwa inakumbuka kidogo, tangu ujana wao, kabla Inga hajazaliwa. Urushaji wa nne fimbo ilipinda. Akakokota, akakokota, huku mgongo unamuuma, na samaki alipokaribia alitazama upande wa chini, kama desturi ilivyo. Vadim alikuwa anatazama maji yake mwenyewe.

Pak ndiye aliyekuja akampita nyuma, akamtoa samaki kwa wavu wake.

"Dume," alisema. "Tazama kibyongo hiki. Mzee mwenzangu."

Wa pili naye alikuwa dume, na yeye pia alitolewa na Pak, na safari hii Pak hakutania. Alimtupia Vadim jicho, akarudi mahali pake.

Zoya aliacha kuvua. Akatoka majini, akauchukua ule wavu pale alipouegemeza kwenye kisiki, akaenda nao mpaka ubavuni mwa Vadim.

"Wako huu."

"Uweke hapo."

Akauweka kwenye kokoto. Hakuondoka.

"Kesho ni arobaini. Saa saba mchana. Njoo."

"Nani ananialika?"

"Mimi."

"Wewe sikugombana nawe." Vadim alivuta mshipi, kijiko kikatoka kitupu. "Miaka thelathini nimemtolea samaki. Akaniita mwizi kwa siku moja. Nilimngoja mwaka mzima aje aseme, basi, Vadim, nilipitiwa. Si kupiga magoti. Kusema tu."

"Amekufa, Vadim."

"Ndiyo. Kaondoka nalo lile neno."

Zoya angeweza kusema kwamba mumewe alijuta, lakini Arkadi mwenyewe hakulisema, na yeye hakutaka kumsemea maiti. Alirudi kwenye pengo lake. Alijiambia: samaki mmoja zaidi, halafu nyumbani.

Huyo mmoja alikuja baada ya muda mrefu, na hakuvuta kama wenzake. Alivuta kwa ubavu, mzito, kama gunia lililokingama kwenye mkondo. Kila mtu kwenye safu alijua maana ya kuvuta kule. Pak alianza kutoka majini, akasimama. Vadim alikuwa ameweka fimbo yake chini. Aliinama, akauokota wavu wake kwenye kokoto, akaingia mpaka mapajani.

Alimpata kwa mkupuo mmoja, bila kurusha maji, kama zamani. Alikuwa jike, mweupe wa baharini bado, tumbo limejaa hata yai moja jekundu lilikuwa limeshachomoza na kunata kwenye uzi wa wavu. Ndoana ilikuwa imekaa mgongoni, chini ya pezi.

Safu nzima ilikuwa imeacha kurusha.

"Umeona ilipo," alisema Vadim kwa sauti ya chini.

"Nimeona. Mtoe."

"Zoya."

"Mtoe, nataka mayai. Nimechoka, Vadim. Siwezi kusimama humu mpaka jioni nikingoja jike mwenye adabu."

"Watu wanatazama."

"Watazame. Watuite wezi wawili. Kesho tutakaa mezani wezi wawili, na yule msafi hatakuwepo."

Alikuwa amelisema kwa ukali kuliko alivyotaka. Vadim alimtazama, mara ya kwanza tangu asubuhi, na macho yake yalikuwa mekundu kwenye kope kama ya mtu aliyekesha. Kisha aliinamisha kichwa, akaichomoa ndoana kwa vidole viwili. Hakutoka majini. Aliuzamisha wavu, akamshika samaki kwa mikono yote miwili, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akamwacha avute pumzi. Alikaa hivyo muda mrefu, mgongo umepinda, maji yanaingia mikononi mwa koti. Samaki alipiga mkia mara moja, akapotea.

"Nilikwambia nini?" alisema Zoya. Alikuwa na hasira ya kweli, ya mtu aliyenyang'anywa mkate. "Nilikwambia umtoe. Nani kakuagiza umwachie?"

Vadim alikung'uta wavu.

"Sasa shemeji, tukimla yule, kesho nitakaaje chini ya picha ya mumeo?"

Zoya alifungua mdomo aendelee kugomba. Maneno yalimfikia polepole, jinsi kila kitu kilivyomfikia siku hizi. Kwanza alisikia shemeji, neno ambalo hakuwa amelisikia tangu mwaka wa samaki uliopita. Kisha akasikia kesho.

"Saa saba," alisema.

"Nimesikia."

"Mkimaliza baraza," alisema Pak huko juu, "kuna watu hapa wana wake zao wanangoja samaki."

Safu ikaanza tena kurusha. Zoya hakurusha. Alitoka akakaa kwenye kisiki, madume wake wawili miguuni, akamwangalia Vadim akivua. Vadim hakupata kitu mpaka jua lilipotoboa ukungu.

Kesho yake meza ilikuwa na vilivyo desturi: wali wa asali na zabibu kavu, viazi, kachumbari ya matango ya chumvi, na mbele ya picha ya Arkadi glasi ya vodka iliyofunikwa kipande cha mkate mweusi. Katikati palikuwa na wale madume wawili, wameokwa kwa vitunguu. Inga alileta yale makopo ya mayai. Zoya aliyatazama, akasema yarudishwe kabatini, na Inga akayarudisha bila kubisha.

Saa saba na robo, watu wameshakaa, mlango uligongwa. Vadim alikuwa amevaa suti iliyompwaya, ameshika wavu. Alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akaupapasa ule msumari kama mtu anayejua ulipo, akautundika wavu juu yake. Ndipo alipovua kofia.

Zoya alimwonyesha kiti, kilekile cha chini ya picha. Walikunywa glasi ya kwanza kimya bila kugonganisha, kama inavyopaswa. Vadim alikata kipande cha samaki, akatafuna, akatafuna sana.

"Mkavu," alisema.

"Madume," alisema Zoya.

"Angelalamika."

"Angelalamika mpaka jioni."

Vadim akaongeza kipande cha pili.

Walipoondoka wote, Inga alikuta vyombo bado mezani na mama yake amelala kwenye sofa, kiatu kimoja kimevuliwa, cha pili bado mguuni. Alikivua taratibu. Zoya hakuamka. Alilala vile mpaka asubuhi, bila kugeuka.