Kijicho Chini ya Subana

Kichwa cha Miraji kilikuwa inchi ishirini na mbili na nusu. Mkewe, Bi Mwatum, alikipima mara ya kwanza wiki ya harusi yao, na kwa miaka kumi na tisa iliyofuata hakuhitaji tena futi ya kupimia. Alikwisha kumshonea kofia kumi na moja za viua, zile nyeupe zinazotobolewa vitobo vidogo vidogo na kuzungushiwa uzi, na kila moja ilimchukua miezi minne. Pale mtaani kwao Kajificheni, mjini Unguja, na hata mitaa ya mbali, mtu akivaa kofia ya Bi Mwatum aliulizwa ameipataje.

Ijumaa moja ya mwaka hamsini na nne Miraji alirudi kutoka Kizimkazi. Alikuwa dereva wa gari la shamba. Aliondoka mjini kila Jumatano na kulala huko mpaka Ijumaa asubuhi kwa sababu, alivyosema yeye, injini ilitaka kupumzika. Alivua kofia, akaitundika msumarini, akaenda kutawadha. Mwatum alikuwa akipepeta mchele. Aliitazama kofia ile mara moja tu, akaweka ungo chini.

Haukuwa mkono wake.

Mshonaji huutambua mkono wa mwenziwe kama karani anavyoitambua hati ya mtu. Mwatum aliijua mikono yote ya mjini, wanaobana mno na wanaolegeza, wenye haraka na wenye uvivu. Huu hakuujua. Kila kitobo kilizungushiwa uzi mara mbili badala ya mara moja, na fundo halikuonekana, si ndani si nje. Aliigeuza kofia, akaipeleka dirishani penye mwanga, akalitafuta fundo kwa ukucha. Hakuliona. Kwamba mumewe ana mwanamke mwengine lilimuuma, tena lilimuuma sana. Lakini kwamba mwanamke huyo anashona kumshinda yeye, hilo hakulistahimili.

"Kofia hii umeipata wapi, Baba Shemsa?" alimwuliza. Shemsa alikuwa binti yao wa pekee, aliyeolewa Pemba.

"Nimeinunua Darajani."

"Darajani kwa nani?"

"Kwa Mhindi."

Wahindi wa Darajani waliouza kofia walikuwa watatu, na wote watatu walizichukua kwake. Mwatum alimpa mumewe kanzu iliyopigwa pasi, naye akatoka kwenda msikitini na kofia ya mwanamke mwengine kichwani. Ilimkaa sawasawa, haikubana wala haikupwaya. Kwa hivyo kulikuwa na mtu mwengine aliyekipima kichwa kile.

Siku ya pili kidole cha kati cha mkono wa kulia wa Mwatum kilianza kumwasha. Ni kidole anachokivalia subana, ile kofia ndogo ya chuma inayomkinga mshonaji asijichome sindano. Alidhani ni kutu. Aliisugua subana kwa majivu, akaendelea na kazi. Jumatatu asubuhi, alipokuwa akiosha vyombo, ngozi ya ncha ya kidole ikapasuka, na ndani yake kulikuwa na kijicho.

Kilikuwa kadiri ya punje ya choroko, chenye mboni ya kahawia na weupe safi, ila hakikuwa na kope. Mwatum alikisuuza sabuni, akakipangusa kwa pembe ya kanga, akatoka barazani kumwonyesha jirani yake, Bi Mwanakheir.

"Kimekutoka pabaya, shoga," alisema Bi Mwanakheir. "Cha kwangu kiko shingoni. Nnakifunika kwa mtandio, mambo yamekwisha."

"Kilikutoka lini?"

"Tangu mdogo wangu aliponunuliwa cherehani na mumewe. Mwaka wa kumi huu. Usikitie limau, kinavimba."

Wakazungumza kidogo juu ya bei ya papa mkavu, kisha kila mmoja akarudi kwake.

Ikawa Mwatum akivaa subana, kijicho kinaona giza, nacho kinamuuma mpaka begani. Akiivua, kijicho kinageuka kusini, kinapenya kuta za nyumba, mashamba ya mikarafuu na misitu, na kutua kwenye baraza moja ya Kizimkazi. Hapo kiliona mikono miwili inashona. Mikono tu; mwenyewe hakuonekana. Mwatum alikuwa ametumai kuona mikono ya kigori, laini, yenye hina mpya, maana hiyo angalau angejua kuitukana. Lakini ilikuwa mikono ya mtu wa umri wake, ina sugu pale pale palipo na sugu zake, na ilishona bila kusita. Wivu wa msichana mzuri una mwisho wake, kwani msichana atazeeka. Mkono mzuri hauzeeki, unazidi kuwa mzuri, na Mwatum alilijua hilo kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa kuwa hakikuwa na kope, kijicho hakikulala, na kwa hivyo yeye naye hakulala. Kula kukamshinda. Wali ulipanda mpaka kooni ukarudi. Moyo ulimwenda mbio hali amekaa kitako, miguu ilivimba, nywele zilibaki kwenye kitana. Kanga iliyokuwa ikimzunguka mara moja na kipande sasa ilimzunguka mara mbili na ikabaki. Miraji alikula sahani mbili, akapendeza, akatoa kitambi. Tena alikuwa mwema, hilo nalo lisemwe. Kila Ijumaa alimletea mkewe machungwa na pweza wa Kizimkazi, akamhimiza ale. Na kila Ijumaa alikuja na kofia ile ile, imefuliwa, imetiwa wanga, imesimama vizuri kuliko alivyoondoka nayo.

Mwezi wa Mfunguo tatu ulipoandama, Bi Mwanakheir alimshika mkono akampeleka kwa daktari. Alikuwa Mgoa mmoja mtulivu, aliyekaa miaka mingi Unguja. Daktari alimsikiliza mapigo ya moyo, akambonyeza miguu, akamtazama ulimi. Kisha akakipima kijicho kwa ubao wa herufi wa kupimia macho. Mwatum hakusoma herufi za Kizungu, lakini kijicho kiliuona mpaka mstari wa chini kabisa, na jina la kiwanda lililochapishwa pembeni.

"Kijicho ni kizima," alisema daktari. "Mgonjwa ni wewe."

"Hakina dawa?"

"Hakina. Kinakula chakula chako na usingizi wako. Moyo wako unakwenda kama wa mtu anayepanda ngazi, na ngazi hii haina juu. Ama kifumbe, ama tukate kidole."

Mwatum alikificha kidole ndani ya buibui. Bila kidole hicho hakuna kofia, na bila kofia yeye angekuwa mke wa Miraji basi, na umke wenyewe sasa ulikuwa nusu.

"Kinafumba vipi, nacho hakina kope?"

"Kope huota kikiambiwa kinachotaka kujua. Wewe unataka kujua nini?"

"Kofia ile kashona nani."

"Basi muulize mwenye kofia," alisema daktari, akampa mwezi mmoja.

Ijumaa iliyofuata Mwatum alimngoja mumewe amalize kula. Alimnawisha mikono, akampa kahawa, akakaa mkekani mbele yake, kidole amekiweka juu ya goti.

"Baba Shemsa, mimi sikukatazi. Wanne umeruhusiwa. Nnataka unambie jina lake tu, nipone."

Miraji alikitazama kijicho, nacho kikamtazama. Alikuwa amekizoea.

"Nshakwambia, Mama Shemsa. Darajani. Unajitia maradhi mwenyewe kwa fikra."

"Sema jina."

"Kwa Mhindi," alisema Miraji kwa upole, akajinyoosha. Mara akaanza kukoroma. Kijicho kilitoa chozi moja, dogo kama kichwa cha pini, likakaukia gotini.

Tangu siku hiyo Mwatum aliacha kuuliza. Alikaa dirishani, akaivua subana, na kutazama Kizimkazi kutwa nzima, akaona uchungu mtupu. Alizifumua kofia zake mbili akajaribu kuzungusha uzi mara mbili, ukakatika. Alasiri moja ile mikono ya kule ikasita. Ikaweka sindano chini, ikavua subana. Kwenye ncha ya kidole cha kati kulikuwa na kijicho.

Vijicho viwili vikatazamana. Kile cha kule kilikuwa cheusi, na kidole chenyewe kimekonda, kimebaki fundo na mfupa. Mwanamke yule aliitwa Kazija, lakini Mwatum hakulijua jina, maana kijicho hakisikii. Chini ya mikono yake ilikuwepo kofia kuukuu, nusu imefumuliwa. Mwatum aliitambua papo hapo. Ilikuwa ya saba kati ya zile kumi na moja, ile ambayo Miraji alisema imepeperuka na upepo njiani. Mwanamke wa watu alikuwa ameifumua uzi kwa uzi, anatafuta siri ya yale maua ya Mwatum ambayo hakuna mwengine aliyeyaweza. Naye kumbe halali. Naye kumbe hali.

Mwatum alifurahi. Ndiyo kweli, alifurahi, wala hakuona haya. Ilikuwa furaha ya kwanza kwa miezi mitano. Alichukua kofia mpya, akaiinua mbele ya kidole, akashona ua moja polepole sana, kila hatua. Hakufanya kwa wema. Alitaka yule ajue anashindana na nani. Alipomaliza, Kazija naye akachukua yake, akaonyesha namna uzi unavyozungushwa mara mbili bila kukatika, na fundo linavyomezwa ndani ya mshono. Alionyesha mara tatu, kwa maringo. Jioni hiyo Mwatum alikula bakuli zima la uji, kwa hasira.

Mwezi wa daktari ulipokwisha, hakwenda kukatwa. Alikwenda kwa Jaku, sonara wa jirani, akamwomba amtobolee subana tundu moja katikati.

"La kuonea?" aliuliza Jaku.

"La kuonea."

Jaku alitoboa, akapiga msasa kingo zisikwaruze mboni, akasema alitengeneza nyengine kama hiyo wiki iliyopita. Mtu wa Kizimkazi, alisema, ndiye aliyekuja kuichukua. Mwatum alijaribu yake kidoleni, ikamkaa. Usingizi aliupata wa saa mbili tatu, moyo uliendelea kwenda mbio, miguu haikupungua. Ila kofia alizoshona mwaka ule zilikuwa na maua yake na mizunguko ya yule, na watu wa mjini walisema ustadi wa Bi Mwatum sasa umepita kiasi. Kule Kizimkazi nako walisema vivyo hivyo juu ya mwanamke mwengine. Kila mmoja wa wawili hao alijua kuwa yeye ndiye aliyeibiwa, akachukia.

Mwaka uliofuata Miraji alihamishwa njia. Akapewa gari la Uroa, Jumatatu hadi Jumatano, na ikatokea kwamba injini hiyo nayo ilitaka kupumzika. Ikiwa imebaki wiki moja Ramadhani ishe, alirudi mjini mchana, akavua kofia, akaitundika msumarini, akaenda kutawadha.

Mwatum aliitungua. Uzi ulizungushwa mara tatu. Maua yalilala upande wa kushoto, madogo kuliko alivyodhani sindano inaweza. Aliigeuza ndani nje, kisha akaishika mbele ya tundu la subana, akatulia, ili na Kizimkazi waone. Kule mikono ya Kazija ikaacha kazi. Vijicho viwili vikatazamana kitambo. Kisha, kwa pamoja, cha mjini kikageuka mashariki, na cha Kizimkazi kikageuka kaskazini, vyote kuelekea Uroa.

Miraji alirudi anajifuta maji ndevuni.

"Hii umeipata wapi, Baba Shemsa?"

"Nimeinunua Darajani," alisema. Akakaa kwenye kiti, mnene, mwenye afya, mtu asiyejua hata kuumwa na kichwa. "Idi imekaribia. Hebu nipime, unishonee mpya. Isije ikanibana."

Mwatum alileta futi. Aliizungusha juu ya masikio, akaibana kwa kidole cha kati, na kijicho kikasoma namba. Ilikuwa inchi ishirini na mbili na nusu.