Mzee Kijima Alipotoka Kabla Wafu Hawajarudi

Mimi ni mwonyesha viti katika ukumbi wa kundi letu la maigizo la wanawake pekee, ambako hata wanaume huchezwa na wanawake, huku pembezoni mwa Osaka, mwaka wa ishirini na saba sasa. Kuona watu wakilia nimezoea. Katika michezo yetu mapenzi hayafiki mbali: huyu anachomwa upanga, mwenzake anakunywa sumu, basi. Lakini mtu aliyekusanya koti lake na kuondoka pale pale nimemwona mmoja tu, Mzee Kijima, mtengeneza tofu, ile jibini ya soya, kutoka mkoa wa Tottori.

Alikuja peke yake, kavaa suti ya msibani kwa kuwa hakuwa na nyingine. Nilipomfikisha kwenye kiti akaninong'oneza kwamba yule anayecheza samurai ni binti yake, Nagiko. Nikatazama huku na huku, asije akawa amesikika. Mashabiki wanamjua kwa jina la jukwaani tu, Rei. La kuzaliwa halitajwi, hata na anayelijua.

"Miaka tisa hatujasemezana," alisema. "Nilimwambia, mwanamke gani anahama nyumbani kwenda kuwa mwanamume? Tiketi alizokuwa akituma alizitumia mama yake. Sasa mama yake hayupo."

Samurai alikufa siku ile kama kawaida: upanga, theluji ya karatasi, wimbo mrefu. Taa zikazimwa. Mara namwona mzee anapapasa gizani kuelekea mlangoni, mashavu yamelowa chapachapa. Nikamfuata hadi nje.

"Mzee, unakwenda wapi? Haijaisha!"

"Haijaisha nini? Mwanangu kafa namwangalia. Nimngoje nani tena?"

Sijajibu bado, huko ndani tarumbeta zikalia, ngoma zikadakia, wasichana hamsini wakaanza kurusha miguu. Mzee akageuka kama mtu aliyetukanwa.

"Maiti haijapoa, mnapiga tarumbeta! Nyie mna adabu kweli?"

"Ndivyo tulivyo, mzee. Hatumrudishi mtu kwake na machozi. Wafu wote wanarudi kucheza ngoma ya mwisho, wamevaa manyoya ya ndege."

"Wote?"

"Hata farasi."

Akasema polepole, "Mke wangu alikuwa akitoka huku anarudi anaimba jikoni. Mimi nikisoma kijitabu cha mchezo alichorudi nacho naona mwisho wamekufa wote. Nikajua nimeoa mtu mwenye moyo wa jiwe. Wala sikumuuliza."

Nikamshika mkono nikamwingiza tena, tukasimama nyuma kabisa. Ngazi kubwa ya jukwaani ilikuwa inawaka taa kila kidato. Rei alishuka wa mwisho, damu hana, mgongoni kabeba manyoya meupe mapana kama paa la kibanda, anatabasamu.

"Nagiko!" mzee akapiga ukelele. "Nagiko, uko hai!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu akaweka kidole mdomoni. "Shh! Babu, huyo ni Rei!"

"Rei wenu! Mimi ndiye niliyemwogesha!"

Kule juu Rei, ambaye hajawahi kukosea hatua, alikosea hatua. Manyoya yakalala upande, mwenzake akamkinga kwa kiwiko. Alipojiweka sawa alikuwa anacheka, meno yote nje, kicheko ambacho hakuna mwalimu aliyemfundisha. Msimamizi wangu alinikazia macho kutoka mlango wa pili. Mimi nikajifanya natazama dari.

Baadaye mzee alikwenda kungojea kwenye mlango wa nyuma, wanakotokea wachezaji. Mashabiki huchuchumaa pale kwa safu, kimya, naye akachuchumaa. Rei alipotoka, wote wakainuka isipokuwa yeye. Magoti yalikuwa yamegoma. Binti akaja kumnyanyua mwenyewe.

"Umekonda," mzee akasema.

"Manyoya yale mazito, Baba."

"Na yule mshenzi aliyekuchoma upanga yuko wapi?"

"Ndiye aliyenikinga nisianguke."

Mzee akafikiri. "Basi nimemsamehe. Lakini mtu katobolewa tumbo, anaimba beti tano?"

"Sita. Ubeti mmoja wewe ulikuwa unapenga kamasi, nilikusikia."

Mashabiki wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mzee akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Kesho unakufa tena?"

"Mara mbili. Saa tano, na saa tisa na nusu."

"Nitafutie kiti cha zote mbili, mwanangu. Ila nitaingia ukishakufa."