Jicho la Sista Gorreti

Siraje alikuwa muuza maturubai mjini Mbale, na wenzake wa maduka ya jumla walimjua kwa mambo mawili: hapunji mtu, na mkono wake hutangulia ulimi. Tangu amwoe Nusifa, mkono ule ulikuwa umetulia. Watu walisema bibi amemfuga, naye alicheka tu, asikane.

Mimba ya kwanza ilipokomaa, Nusifa alikwenda kwao Wanyange, nje kidogo ya Jinja, akae na mama yake, Hajarah. Uchungu ulimshika ukamng'ang'ania na mtoto hashuki. Hajarah akamkimbiza kwenye hospitali ya binafsi ya Daktari Mukama, wakampasua, na mtoto wa kiume akatoka akilia. Wakamwita Shakul. Siraje alipofika kutoka Mbale alimkumbatia yule daktari mbele ya wauguzi wote, akamwombea dua.

Furaha ile haikukaa. Mshono ulifunga kwa nje, lakini tumbo la Nusifa lilibaki limevimba upande mmoja, na homa zikawa za kuja na kuondoka. Hajarah akamrudisha kwa Mukama. Daktari alimbonyeza kwa vidole huku anazungumza na simu, akasema ni vidonda vya tumbo. Waliporudi tena, alimwambia aache kudeka, kwani wenzake hupasuliwa wakarejea shambani. Akamkandamiza pale palipovimba, kwa nguvu, hadi Nusifa akatapika kitandani. Daktari akatoka kwenda kubadilisha koti lake, na hakurudi.

Siraje akamchukua mkewe nyumbani Mbale. Asubuhi moja Nusifa alikuwa amekaa anamnyonyesha Shakul, mshono ukafumuka wenyewe. Usaha ulimrukia mtoto shavuni na uvundo ukajaa chumba kizima. Siraje alimlaza mkewe kwenye turubai jipya, majirani wakashika pembe, wakamtia garini.

Katika hospitali waliyomfikisha pale Mbale alipasuliwa upya. Daktari aliyempasua, mama mmoja mtu mzima, alitoka na beseni la chuma akamfunulia Siraje. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kufutia damu, kikubwa kama leso, kimeoza hadi kuwa kijani, na vipande vya utumbo vimekigandia. Alimweleza kwamba wamekata utumbo uliooza, na kizazi nacho wamelazimika kukitoa. Nusifa akipona, itakuwa rehema ya Mungu.

"Hiki hakikumea humo," daktari yule alisema. "Nitaandika kila nilichokiona. Mshitaki aliyekiacha. Lakini usimguse."

Siraje aliyasikia yote isipokuwa hilo la mwisho.

Hakumuaga mtu. Aliendesha gari hadi Jinja, na njia nzima alikuwa akiona lile beseni. Alipoingia hospitalini kwa Mukama, daktari alikuwa anatoka wodini, na nyuma yake sista mmoja, Gorreti, amebeba sinia la dawa. Siraje akauliza kwa sauti ya chini kabisa kama anamkumbuka Nusifa. Mukama hata hakusimama. Alimjibu kwamba wanaopita pale ni wengi, akae kwenye foleni kama wenzake.

Karibu na mlango kulikuwa na chuma cha kutundikia dripu. Siraje akakikamata kwa mikono miwili. Pigo la kwanza lilimpata daktari begani na mfupa ukalia kama kuni kavu. Alipoinua mkono kujikinga, la pili likamvunja kifundo. Akaanguka, akajikokota ukutani akiacha michirizi ya damu sakafuni. Wagonjwa walipiga mayowe. Mjamzito mmoja akatambaa akajificha chini ya benchi. Siraje hakuwasikia. Alikwisha kuinua chuma mara nyingine, sasa akilenga kichwa.

Gorreti alitupa sinia akajitosa katikati, mikono ameitanua.

"Ngoja, baba," alisema. "Ngoja."

Chuma kilikuwa kinashuka. Kulabu ya kutundikia dripu ilimwingia jicho la kushoto. Hakulia. Alikaa chini polepole, kiganja usoni, na damu ikapenya kati ya vidole ikamlowesha sare yake nyeupe.

Hapo ndipo Siraje alipokiachia. Walinzi wakamrukia, na watu waliokuja kutazama wagonjwa wao wakamrukia pia. Walimburuta kwa miguu hadi nje, na vijana wa bodaboda waliokuwa langoni, wasiojua kisa wala mkasa, wakaokota mawe na matofali. Meno yalimtoka. Aliona mtu anavingirisha tairi kuja upande wake, akajua maana yake, akaanza kutamka shahada. Kisha bunduki ikalia juu.

Alikuwa Afande Ignatius, polisi mrefu kutoka kaskazini, na kile Kiswahili chake cha kambini. Alimtupa Siraje ndani ya gari la polisi, kwa nyuma, akamkanyaga shingoni.

"Lala hivyo hivyo," alimwambia. "Kichwa yako ikitoka hapa, hawa watu itakuua."

Kituoni, Ignatius huyo huyo alimpiga teke la mbavu kwa ajili ya yule sista, kisha akamletea maji ya kunywa.

Nusifa hakufa. Alipoweza kusimama alikuja mahabusu, Hajarah amemshika upande mmoja. Amekonda, nguo zinamning'inia. Siraje, na mdomo wake wa mapengo, alitazamia japo neno moja la shukrani. Nusifa hakuketi. Alimweleza kwamba Mukama sasa ndiye mlalamikaji, mkono umefungwa plasta, na Jinja nzima inamhurumia. Akamweleza na jambo ambalo Gorreti alikuwa amemnong'oneza Hajarah, siku ile ya kutapika, na Hajarah akalificha kwa kuuogopa mkono wa mkwe wake: kabla ya kushonwa, Gorreti alimwambia daktari kuwa kitambaa kimoja hakionekani, angoje kitafutwe. Daktari akamfukuza chumba cha upasuaji. Gorreti aliahidi kuja kuyasema popote atakapoitwa.

"Nilikuwa na shahidi mmoja, Baba Shakul," alisema Nusifa. "Umemtoboa jicho."

Siraje akageukia ukuta. Alilia kama ambavyo hakupata kulia hata kwa maiti wa kwao.

Nusifa na mama yake walikwenda kwa kina Gorreti kuomba radhi. Mama wa Gorreti akawafungia mlango. Wakarudi tena, wakakaa barazani juani, mpaka Gorreti mwenyewe akatoka, uso umefungwa bendeji. Hakusema amesamehe. Alisema atakwenda kutoa ushahidi, juu ya daktari na juu ya Siraje.

Akafanya hivyo. Mbele ya baraza la madaktari alieleza habari za kitambaa, na Mukama akanyang'anywa leseni. Kesi ya Siraje ilipoitwa Jinja, wakili alimshauri akane, aseme sista aliteleza akaangukia chuma. Siraje alimtazama Gorreti kizimbani, na pale palipokuwa na jicho.

"Wanaume wawili niliwaambia ngoja," Gorreti alimweleza hakimu. "Wote wawili walikuwa na haraka."

Siraje alisimama kabla wakili hajamzuia, akakiri kosa. Hakimu akampa miaka ya kutosha mtoto kuanza shule bila baba.

Nusifa huja kumwona gerezani. Sasa yeye ndiye anayeuza maturubai. Hawezi kubeba kitu, hukaa kwenye kigoda akaelekeza. Safari moja Siraje alijikaza akamuuliza kama atamngoja. Nusifa alimhamisha Shakul kutoka bega hili hadi lile. Akamwambia kuwa hilo bado hajalijua, na kwamba lazima awahi gari la Mbale.