Kioo Kitini

Kurekebisha injini ya mbio ni kazi ya watu wawili: mmoja anakaa kitini akisoma mshale wa mizunguko, mwingine ameinamia kabureta, bisibisi mkononi. Miaka yote msomaji wa fundi huyu wa kike alikuwa kaka yake. Tangu kaka aoe na kuhamia mbali, fundi alibaki peke yake gereji.

Asubuhi dereva alimwambia, "Dada, jioni injini isipofika mizunguko elfu tisa bila kukohoa, gari nalipeleka kwingine."

Liwalo na liwe. Akasimamisha kioo chake cha kuchania nywele kitini, kikatazama dashibodi. Mkono mmoja ukavuta waya wa mafuta, mwingine ukazungusha skrubu kidogo kidogo. Ndani ya kioo mshale ulipanda kinyumenyume. Elfu nane, injini ikakohoa. Akapunguza petroli kiasi cha unywele. Elfu tisa: sauti nyembamba, safi kama firimbi.

Dereva alikuja, akakanyaga mafuta, akacheka. "Nani kakusomea?"

"Kioo."

"Huyo afadhali, hana mdomo!"

Naye fundi akacheka. Gari lilipotoka, akageuka na kusema, "Umeisikia lakini?" Palikuwa na stuli tu aliyozoea kukalia kaka, na makopo ya oili.